Mgombea wa Marekani hujulikana lini hasa? Jibu kwa shangazi yangu wa Likoni

Hamjambo watu wa nyumbani. Niko hapa Saint Paul, Minnesota. Nimetoka kazini sasa hivi, hata koti sijavua, maana shangazi yangu wa Likoni kaniachia ujumbe wa sauti na sitaki kulala kabla sijamjibu. Anasema: "Mwanangu, hawa Wamarekani wana siku gani ya kumtoa mgombea wa chama? Kila nikifungua redio, leo fulani kashinda jimbo, kesho kashinda mwengine. Mbona hawamalizi?"

Shangazi, shikamoo. Siku hiyo haipo.

Sisi tumezoea mkutano wa chama pale uwanja wa Kasarani, Nairobi. Mnakumbuka Septemba 1, 2007? Wajumbe wa ODM walijaa pale, wakapiga kura, na siku hiyo hiyo hesabu ikatoka: Raila 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Ukaenda kulala unamjua mgombea wako. Huku mchujo huenda jimbo kwa jimbo, miezi na miezi, na kila jimbo hutoa wajumbe wake wa kwenda kupiga kura kwenye mkutano mkuu wa chama. Atakayepata zaidi ya nusu ya wajumbe wote ndiye. Kwa hivyo usihesabu majimbo, shangazi. Hesabu wajumbe.

Mimi mwenyewe nilijifunza hilo mwaka 2008, na nilijifunza kwa uchungu. Januari 3 Obama alishinda Iowa, jimbo lililofungua mchujo, tunalopakana nalo upande wa kusini. Siku zile zile nyumbani kwetu kulikuwa kunawaka, matokeo ya Kenya yalikuwa yametangazwa Desemba 30. Stesheni moja naona watu wanarukaruka kwa furaha, nikibadilisha naona moshi. Nilipompata mama kwenye simu, Mungu amrehemu, hakunieleza lolote la mabomu ya machozi. Aliuliza, "Mtoto wetu kashinda?" Nikamwambia kashinda. "Basi ndiye?" Nikasema ndiye. Siku tano baadaye Hillary Clinton, mpinzani wake ndani ya chama, akachukua New Hampshire, ikanibidi nipige tena kusema la mama, bado.

Nilimdanganya bila kujua. Iowa haimtoi mtu. Mwaka 2020 Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, akaja kuinuliwa na South Carolina Februari 29, na siku tatu tu baadaye, Jumanne Kuu, ile siku majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, akachukua majimbo 10.

Jumanne Kuu ya 2008 ilikuwa Februari 5. Majimbo zaidi ya 20 yalipiga kura siku moja. Clinton alipata California, New York na New Jersey, na mimi nikaona yamekwisha. Mwenzangu wa zamu ya usiku akanikalisha na kalamu. Akaniambia andika New Jersey: Clinton wajumbe 59, Obama 48. Tofauti 11. Sasa andika Idaho, jimbo la viazi ambalo sikuwa nimelisikia maishani: Obama 15, Clinton 3. Tofauti 12. Mnaona? Idaho ilifuta New Jersey nzima na chenji ikabaki.

Ni kwa sababu chama cha Democratic, chama chao Obama na Clinton, hugawa wajumbe kulingana na kura. Ukifika asilimia 15, unapata fungu lako hata ukishindwa. Hiyo ina maana mshindi hamfagii mwenzake, lakini pia aliyeachwa nyuma hana jimbo moja la kumrudisha. Pengo likishafunguka, kuliziba ni kuteka maji kwa pakacha. Republican wao, majimbo mengi humpa mshindi wajumbe wote au wengi wao, ndiyo maana mgombea wao, John McCain, alikuwa amemaliza kazi yake Machi 4 mwaka huo huo.

Baada ya Jumanne Kuu Obama alishinda mara 11 mfululizo. Mimi nasema mchujo uliamuliwa hapo, Februari, ingawa hakuna aliyetangaza. Machi 4 Clinton alishinda Ohio na akashinda kura za Texas, wakasema amefufuka. Lakini Texas ilikuwa pia na mikutano ya wanachama usiku ule, nayo ilitoa wajumbe, na hesabu ilipokamilika Obama alitoka huko na wajumbe wengi kuliko aliyeshinda kura!

Kilichoburuta mambo hadi Juni ni wajumbe wakuu, karibu 800: wabunge, magavana, vigogo wa chama. Hao walikuwa huru kumpa wamtakaye, na wengi walikaa kimya wakitazama upepo. Hilo liliniudhi sana, na nilifurahi chama kilipobadilisha kanuni 2018: mshindi akiwa hajapatikana, wajumbe hao hawapigi kura raundi ya kwanza. Halafu kulikuwa na Florida na Michigan, zilizoadhibiwa kwa kupiga kura kabla ya muda ulioruhusiwa. Mei 31 ikaamuliwa kila mjumbe wao awe na nusu kura, na idadi ya kushinda ikahamia 2,118. Hebu fikirini, mnakimbia na utepe wa mwisho unasogezwa.

Juni 3 Montana na South Dakota zikafunga mchujo, na Obama akaja kuzungumza hapa hapa Saint Paul. Nilikuwa nje ya ukumbi na maelfu ya watu waliokosa nafasi. Saa tatu usiku kwetu, saa kumi na moja alfajiri Mombasa, nikampigia mama. Alikuwa anatawadha. Safari hii hakuniuliza kama kashinda. Aliuliza, "Wamehesabu wakamaliza?" Nikamjibu wamemaliza. Akasema, "Basi ngoja nikaswali."

Clinton alijitoa Juni 7, na mkutano mkuu wa Denver, mwisho wa Agosti, ukatia muhuri.

Lakini hata hesabu iliyokamilika si kura, mpaka wajumbe wenyewe wapige. Machi 12, 2024 Biden alikuwa na wajumbe wa kutosha, na Julai 21 akajitoa. Wajumbe wale wale wakampa Kamala Harris, kabla hata hawajakutana Chicago kwenye mkutano mkuu.

Kwa hivyo 2028 ikifika, shangazi, mtu akikwambia kamaliza kwa sababu kashinda jimbo la kwanza, mwambie asubiri Jumanne Kuu. Usiku huo uliza mambo mawili: pengo ni wajumbe wangapi, na wamebaki wangapi wa kugombaniwa. Mimi nitakuwa na kalamu yangu. Nikikupigia usiku wenu wa manane, pokea.