Burrow karudi uwanjani, wachambuzi wanauliza "ya nini?" Nina neno

Assalaam aleikum. Hamjambo huko nyumbani? Tanga, Dar, Mombasa, na ninyi wa Muscat mlioniachia salamu wiki iliyopita, zimefika. Leo nazungumza nikiwa ndani ya gari, nje ya kazini kwangu hapa Silver Spring, Maryland. Nimetoka zamu ya usiku na macho yananiwasha, ila siwezi kwenda kulala kabla sijalisema hili. Limenikaa kooni tangu Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Huku siku hiyo watu hula bata mzinga na kutazama futiboli ya kwao, ile ya kushika mpira kwa mikono. Mechi ya usiku ilichezwa Baltimore, si mbali na kwangu: Ravens na Cincinnati Bengals. Na Joe Burrow, kwotabeki wa Bengals, alikuwa anarudi. Kwa asiyejua, kwotabeki ndiye anayepokea mpira, ndiye anayeamua amrushie nani, na ndiye wapinzani wote wanamkimbilia wamwangushe. Septemba 14, 2025, aliumia kidole gumba cha mguu wa kushoto, akafanyiwa upasuaji, ikasemwa atakaa nje miezi mitatu au zaidi. Amekosa mechi tisa, na amerudi kabla hiyo miezi mitatu haijatimia.

Sasa ubishi. Bengals walikuwa wameshinda mechi tatu, wamefungwa nane. Wiki nzima wachambuzi wa runinga na redio wanauliza: anarudi ya nini? Msimu umeshaharibika, si akae apone mpaka mwakani? Wachambuzi ninyi mnawajua, hata kwetu redio haziamki bila wao, mchezaji wa Simba au Yanga akishika paja tu wameshampangia tarehe ya kurudi.

Tulikuwa kwa dada mmoja wa Mombasa, pilau mezani, mechi inaendelea, na pale pale tukagawanyika. Kaka mmoja wa Bukavu tunayefanya naye kazi akasema wachambuzi wana haki. "Dada, klabu inauza tiketi, runinga inapata watazamaji, kijana anabaki na maumivu." Mwenye nyumba akamjibu, "Ni mtu mzima yule, hakuburutwa." Na kwa kweli Burrow alicheza vizuri, akatoa pasi mbili za kufunga, wakashinda 32 kwa 14. Lakini ushindi haukumaliza ubishi, kwa sababu kaka yangu wa Bukavu alisema, na alisema kweli, kwamba kushinda si jibu la swali la afya.

Mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa namfikiria mtu mwingine, na yaliyomkuta yalitokea humu humu Maryland, uwanja wa Landover.

Novemba 18, 2018. Alex Smith, kwotabeki wa Washington, anaangushwa na wachezaji wawili wa Houston, mifupa yote miwili ya mguu wa kulia chini ya goti inavunjika na kutoboa ngozi. Siku kama hiyo hiyo mwaka 1985, kwotabeki mwingine wa Washington, Joe Theismann, alivunjika mguu, na hakucheza tena maishani. Smith yalimkuta makubwa zaidi. Kidonda kiliingia bakteria wanaokula nyama ya mwili. Madaktari walifikia kuzungumza na mkewe habari ya kuukata mguu. Alifanyiwa upasuaji mara 17, wakachukua msuli wa paja la kushoto wakauhamishia mguu wa kulia. Akapelekwa Texas, kwenye kituo cha jeshi wanakofundishwa kutembea upya askari waliolipuliwa vitani.

Baada ya siku 693, Oktoba 11, 2020, mwenzake akaumia, akaitwa yeye. Uwanja ule ule. Kocha wake, Ron Rivera, wakati huo mwenyewe alikuwa anatibiwa saratani. Mkewe Smith na watoto wapo jukwaani. Haikupita muda Aaron Donald, beki wa Rams, wapinzani wao siku hiyo, mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika mchezo ule, akamrukia mgongoni. Smith akabaki amesimama kidogo, miguu imembeba yeye na Donald, kisha wakaanguka. Akainuka. Siku hiyo walifungwa 30 kwa 10.

Na huyo naye aliulizwa ya nini. Mke unaye, watoto unao, fedha unazo. Baadaye akasema hata klabu yake haikumtaka arudi. Basi hoja ya kaka yangu kwamba klabu ndiyo inayosukuma, hapo haisimami. Alianza mechi sita, akashinda tano, na mwisho wa msimu, kati ya wapiga kura 50 wa tuzo ya mchezaji bora aliyerejea, 49 walimpa yeye. Aprili 2021 akastaafu. Hakutaka miaka kumi mingine. Alitaka mwisho wake uwe wa kutembea, asitolewe juu ya kitanda.

Na hili halisemwi vya kutosha: moja ya mechi zile tano ilikuwa dhidi ya Bengals, Novemba 22, 2020, hapo hapo Landover. Burrow, mwaka wake wa kwanza, goti lake lilichanika siku hiyo, huku Smith yuko upande wa pili wa uwanja amesimama kwa mguu ule ule. Kwa hiyo nikisikia mtu anamuuliza Burrow anarudi ya nini, mimi naona kijana aliyeumia mbele ya macho ya mtu ambaye angeweza kumjibu.

Wachambuzi wakiuliza kama daktari kamruhusu, nawaunga mkono. Wakiuliza nani aliamua, nawaunga mkono. Lakini swali lao linatoka kwenye jedwali la ligi. Wanahesabu tatu na nane, wanasema mwili huu hauna kazi mpaka mwakani. Jamani, kazi yangu ni kuhudumia watu waliovunjika. Sijaona hata mmoja anayefanya mazoezi kwa sababu ya jedwali.

Kuna mzee mmoja ninayemhudumia kazini, nyonga imewekwa ya bandia. Mwanawe keshamshushia kitanda chumba cha chini kule nyumbani, keshamwekea kila kitu. Anakuja kila siku anamwambia, "Baba, ngazi za nini tena? Kule chini una kila kitu." Mwana anampenda babake, sina shaka. Mzee hamjibu. Usiku watu wakilala anabonyeza kengele, nikifika namkuta keshavaa viatu.

Jana tulipanda ngazi nne. Leo saa tatu usiku naingia tena zamu, na ameniambia nivae raba nzuri, anataka tufike ya sita.