Karata ya Wote Isimle Mwenye Ukoo

Karibuni, wabunifu wa karata za mchezo wa vampaya, wale wanyonya damu wa hadithini. Kila aliyekuja na rundo lake alishike mkononi, alipekue na ahesabu karata za wote. Nasema zile ambazo hazidai ukoo wala kipaji, yaani uwezo maalumu wa vampaya fulani, ambazo vampaya yeyote anaweza kuzitumia. Vampaya wenyewe msiwahesabu. Haya, ndugu yangu wa dirishani, umepata ngapi? 41 kati ya 75. Na dada aliye karibu naye? 38 kati ya 75. Ukoo wako ni upi, dada? Na wake? Mnaona sasa. Koo mbili ambazo kwenye hadithi hazikai chumba kimoja, na zaidi ya nusu ya kila rundo ni karata zilezile.

Hilo ndilo linaloniumiza. Walionisikia Jinja na Mbale wanalijua, wanivumilie. Nalirudia kwa sababu bado mnaniletea karata zenye ugonjwa uleule, kila mara mkiniambia, "Mwalimu, hii ni ndogo tu, ya kusaidia."

Kanuni sizielezi, mnazijua. Akiba 30, ambayo ndiyo uhai wako mezani, karata saba mkononi, unamnyonya wa kushoto kwako na wa kulia anakunyonya wewe, ukimtoa huyo wa kushoto, windo lako, mezani unapata pointi moja na akiba sita. Ndivyo Richard Garfield alivyouunda mchezo huu mwaka 1994, ulipokuwa ukiitwa Jyhad, kabla haujapewa jina la Vampire: The Eternal Struggle mwaka uliofuata. Lakini kuna kanuni moja ambayo mbunifu wa karata hapaswi kuisahau hata akiwa usingizini: nakala hazina kikomo. Mchezo wake wa kabla ya huo, Magic wa mwaka 1993, hukuruhusu nakala nne tu za karata moja. Huku ukitaka kumi, weka kumi. Ukitaka ishirini, hakuna wa kukuzuia.

Kwa hiyo usije kuniambia karata yako ina nguvu kiasi gani ikiwa peke yake. Niambie inakuwaje zikiwa kumi. Tuliipiga hesabu: rundo la karata 80 lenye nakala kumi za karata moja, ukichota saba za kwanza, mara 62 kati ya 100 utakuwa na angalau moja mkononi. Na kila ukicheza karata unachota nyingine hapohapo. Zikiwa kumi, karata hiyo si bahati tena. Ni tabia ya rundo lako. Na kama ni ya wote, ni tabia ya meza nzima.

Watu hutazama alama ya bei, wakikuta hakuna tone la damu wanasema karata ni ya bure, au wakikuta moja wanasema ni ya haki. Bei ya damu ni sehemu ndogo. Karata yenye kipaji unailipia nyumbani, kabla hujakaa mezani. Umechagua vampaya wako 12. Tuseme wanne ndio wenye kipaji hicho. Unapoanza na wanne wa juu baada ya kuwachanganya, mara 70 kati ya 495, yaani mara moja kati ya saba, hutampata hata mmoja mwenye nacho. Hapo una karata tatu nne mkononi zinakukodolea macho, na kila zamu unaruhusiwa kutupa moja tu. Hiyo ndiyo bei halisi ya kipaji. Karata ya wote haikwami namna hiyo. Kabla hujaandika neno lolote juu yake, umeshampa mchezaji zawadi ya kutokwama, na hiyo zawadi lazima uitoe kwenye nguvu ya karata. Mtu akinipa karata ya wote inayolingana na karata ya ukoo, ameshaiba tayari, hata kama hakukusudia.

Sasa kisa cha Askari wa Geti. Najua wako waliokisikia. Nitakisimulia tena, na leo nitakisimulia chote.

Tulipoanza kutengeneza mchezo wetu wa Kiswahili hapa Kampala, tulikubaliana hatutaazima ngome za Ulaya. Tuna damu yetu wenyewe ya kusimulia. Wazee wa mji huu, wakati wa ukoloni, walionyana kuhusu bazimamoto, neno ambalo Luganda ililichukua kwenye wazimamoto ya Kiswahili: watu waliosemekana kuwakamata wapita njia na kuwatoa damu. Pwani wakisema mumiani. Basi koo zetu zilitoka huko. Karata za kwanza tulizichapisha Nasser Road kwenye karatasi ngumu, tukazikata kwa wembe na rula sebuleni kwangu, watu sita tumepiga magoti sakafuni hadi usiku wa manane.

Askari wa Geti niliiandika mimi. Ilisema: "Vampaya wako aliyelazwa anaamka. Anaweza kuzuia shambulizi hili akiwa na jicho moja la nyongeza." Bei hakuna. Nyinyi mnajua, vampaya akishatenda karata yake inalazwa na hawezi kuzuia, na mnajua kwamba kuzuia kunahitaji macho, yaani nguvu ya kuona, yafikie kivuli, yaani nguvu ya kujificha, ya anayenyemelea. Niliipenda karata ile. Ilikuwa ya kwetu kabisa: ukuta, geti jeusi, askari na koti lake zito, redio ndogo inaimba chini ya benchi, usingizi mwepesi wa mtu aliyezoea kuitwa saa nane za usiku.

Jumamosi ya kwanza kila rundo lilikuwa na mbili au tatu. Ya pili, tano sita. Ya nne niliomba watu wanipe marundo yao nihesabu. Wachezaji watano, nakala 47 za Askari wa Geti. Na mchezo ulikuwa umeganda. Aliyenyemelea alizuiwa, aliyezuia akaumia kidogo, zamu ikapita, na wa pili yake naye akazuiwa. Walioishi kwa kivuli waliacha kushambulia kabisa, wakakaa wanangoja. Mnajua mashindano ya mchezo wa Garfield huipa meza saa mbili. Sisi siku hiyo tulikaa saa tatu na nusu, rolex, chapati zetu za mayai, zikaletwa zikaliwa, chai ikaletwa ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyetolewa mezani.

Nilidhani shida ni muda. Aliyenionyesha shida yenyewe ni binti mmoja, wakati ule akisomea uuguzi, aliyecheza ukoo wa Popo. Popo tuliwapa kipaji kimoja tu: kuona usiku. Karata zao zinatoa macho, na kila moja inadai damu. Hawana kura, hawapigani vizuri, hawana mali. Alikuwa ameushikilia ukoo ule tangu mwanzo, ameziandika hadithi zake nyuma ya daftari lake la masomo. Siku ile alilaza rundo lake mezani, akaniuliza kwa upole sana, "Mwalimu, ukoo wangu mimi unafanya kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Kila mtu pale mezani alikuwa Popo, tena Popo asiyelipa damu, na juu ya hapo ana kura zake au ngumi zake au mali zake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na macho na hana kitu kingine. Karata yangu ndogo ya kusaidia ilikuwa imemla mwenye ukoo, mfupa na nyama. Nilikwenda nyumbani siku ile nikiwa na aibu ya kweli, kwa sababu mtu alikuwa ameupenda mchezo wetu kuliko sisi tulioutunga, na tulikuwa tumemnyang'anya alichokipenda.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa lile ambalo nyote mngelifanya: tuliiongezea bei. Damu moja. Ikawa mbaya zaidi! Vampaya mkubwa mwenye damu tisa au kumi hata hasikii. Vampaya mdogo mwenye damu mbili akiitumia mara mbili amekauka, anatafuta cha kula. Kwa hiyo waliokuwa nacho waliendelea, na wadogo ndio waliotozwa. Ndiyo maana nikisikia "tutaipandisha bei" nashika kichwa. Bei haimrudishii Popo kazi yake. Bei inachagua tu nani ataendelea kumwibia.

Tulichofanya mwishowe ni kufuta nusu ya pili. Vampaya aliyelazwa anaamka, anaweza kujaribu kuzuia. Nukta. Jicho la nyongeza halipo. Jumamosi hiyohiyo Popo wakafufuka, kwa sababu kila mtu aliweza kumwamsha askari wake, lakini akiamka kipofu gizani anafanya nini? Popo akiamka anaona. Karata ileile, mkononi mwa mwenye ukoo, ina thamani mara mbili, na mkononi mwa mwingine bado ina maana, maana wako wanaokuja bila kivuli chochote. Marundo yalirudi kubeba nakala tatu nne. Wale Popo wakabeba nane, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu sasa ilikuwa kazi yao.

Na jibu hilo lilikuwepo miaka yote. Ukiichukua karata ya mchezo wa Garfield iitwayo Wake with Evening's Freshness, utaona imefanya hivyohivyo: inamruhusu vampaya aliyelazwa kujaribu kuzuia na kucheza karata za kujibu kana kwamba yu macho. Haimpi jicho. Anayetaka macho ayatafute kwenye kipaji chake. Mwaka 1994, mchezo una siku chache duniani, na mtu tayari alikuwa amejua pa kukomea. Karata ya wote impe mtu nafasi. Matokeo ayapate kwa ukoo wake.

Nimeona mkono umeinuka na najua swali, kwa sababu naulizwa kila mahali. "Mwalimu, mbona kwenye matatu, ule mchezo wa karata za kawaida, kila mtu anaweza kupata ree, na ree inabadilisha kila kitu, na steji nzima ya boda boda inacheza bila kugombana?" Ndugu yangu, kwenye matatu rundo ni moja tu, limewekwa katikati, na ree ziko nne. Umepata ree kwa kuwa umegawiwa. Hebu siku moja njoo steji na ree kumi za kwako kutoka nyumbani uone kama utaondoka na meno yako. Omweso, bao letu, vilevile: kete 64, kila mtu 32, mashimo sawa kwa sawa. Michezo yetu ya jadi ina usawa kabla ya kuanza, kwa sababu huji na chako. Huu mtu anakuja na chake. Usawa wake wote uko kwenye kalamu ya mbunifu, na ndiyo maana nawasumbua.

Wako pia wanaosema, basi karata za wote zifutwe, kila mtu ale cha ukoo wake. Hapana. Mchezaji mpya ana vampaya wa koo mchanganyiko, hana mpangilio, anahitaji kitu cha kufanya kila zamu. Na zile mlizoniletea mwaka jana mkiogopa maneno yangu, dhaifu hata mwenye nazo anazitupa, zinamchosha mchapishaji bure. Karata ya wote inatakiwa itamaniwe. Ila itamaniwe kwa sababu tofauti na kila ukoo.

Mfano mzuri ni Blood Doll, karata nyingine ya mchezo wa Garfield. Unaiweka kwa vampaya wako, na kila zamu unaweza kuhamisha damu moja kutoka kwake kwenda kwenye akiba yako, au kutoka akibani kwenda kwake. Moja tu. Inakula nafasi ya karata ya bwana, ile anayoicheza mchezaji mwenyewe wala si vampaya wake, siku unapoiweka, na nafasi hiyo kwa kawaida ni moja kwa zamu, kwa hiyo kumi mkononi ni mzigo. Tena haikupi kitu ambacho huna: damu ni yako, inabadili mfuko tu. Mwenye ukoo unaopata damu upesi anafurahi zaidi. Ichunguzeni ile karata neno kwa neno kabla hamjaandika yenu.

Saa inanikimbiza. La kura silifikii leo, na la karata za pekee zinazogombaniwa na watu wawili pia nitaliacha. Niseme moja haraka: karata ya wote inayoumiza isiandikwe "yeyote mezani". Meza hii ina kushoto na kulia. Ukimpa kila mtu mkono wa kufika ng'ambo, aliyekasirika anamwadhibu mtu asiye windo lake, na anayekaribia kushinda anapigwa na wanne kwa pamoja. Andika "windo lako". Ukitaka kufika ng'ambo, hiyo iwe kazi ya ukoo fulani, na ukoo huo ulipie.

Na mjaribu watu watano, si wawili. Wawili hawana ng'ambo.

Hapa mbele nimewekewa karata zenu za majaribio. Ya juu kabisa inasema, "Vampaya yeyote: mnyonye mchezaji yeyote akiba mbili. Haizuiliki." Bei hakuna. Mwenye nayo ni nani? Njoo hapa, mwanangu, usiogope, leta na rundo lako. Nyinyi wanne wa mbele vuteni viti, tunaiweka nakala kumi kila mmoja, tucheze.