Wa Pili Asijue Wa Kwanza Amesema Nini

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya maofisa wa upelelezi, mawakili na wasaidizi wa sheria

Assalaam alaykum. Mwenyekiti, maofisa, mawakili wenzangu, na nyinyi wasaidizi wa sheria mliotoka Wete, Micheweni na Mkoani, ahsanteni kwa kuja.

Walionisikia Unguja wanajua ninachokuja kusema, na nitaendelea kukisema mpaka kiwe desturi kila penye meza ya kulinganishia alama za vidole. Mtaalamu wa kwanza akishatoa jibu lake, anayehakiki asijue mwenzake amesema nini. Namna alama inavyoinuliwa kwa unga na kupigwa picha siwaelezi; wengine humu ndiyo kazi yao ya kila siku.

Chukueni kesi ya Kilmarnock, Scotland. Januari 1997 mwanamke mmoja aliuawa nyumbani kwake. Kwenye fremu ya mlango wa bafu ikapatikana alama, wakaipa namba Y7. Wataalamu wanne wa ofisi ya kumbukumbu za jinai wakathibitisha kuwa ni dole gumba la kushoto la Shirley McKie, askari aliyekuwa katika timu ya upelelezi. Bibi huyu akasema: mimi ndani ya nyumba ile sikuingia. Wakamwambia kidole chako kimeingia. Akaapa mahkamani, akasema vilevile, sikuingia. Akakamatwa, akashitakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo.

Nataka tukae hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponirukia wakisema, "Basi hao wanne walikula njama." Hawakula njama. Jaji Sir Anthony Campbell aliongoza uchunguzi wa wazi, akatoa ripoti mwaka 2011, na akasema lilikuwa kosa la kibinadamu. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko njama. Mla njama utamkamata, utamfukuza kazi. Lakini watu wanne, wazoefu, wenye nia safi, wanaangalia alama ileile na wote wanakosea upande uleule, utamfukuza nani?

Hebu jiwekeni pale mezani. Wewe ni koplo. Mkubwa wako aliyekufundisha kazi amekwisha kuangalia, amekwisha kuandika "ni huyu", na saini yake ipo juu ya karatasi. Faili linakujia wewe uhakiki. Utaitafuta mistari inayokataa, au utaitafuta inayokubali? Utatafuta inayokubali, na utaipata, kwa sababu alama ya eneo la tukio mara nyingi ni kipande, imefifia, imeburuzika, na jicho linalojua jibu hujazia palipopungua. Kisha na wewe utatia saini. Wa tatu ataona saini mbili. Wa nne ataona tatu. Mahkamani tutaambiwa wataalamu wanne wamekubaliana, na hakimu ataandika wanne, kumbe aliyeangalia kwa macho yake mwenyewe ni mmoja.

McKie aliachiwa huru Mei 1999, waamuzi wote kwa sauti moja, baada ya wataalamu wawili kutoka Marekani kueleza kuwa alama ile si yake. Mwaka 2006 alilipwa fidia ya pauni 750,000. Na David Asbury, kijana aliyekuwa amehukumiwa kwa mauaji yale, naye ilidaiwa kuwa kopo la fedha lililokutwa kwake lilikuwa na alama ya marehemu. Haikuwa ya marehemu. Hukumu yake ikafutwa mwaka 2002. Kwa hiyo anayeniambia nawatetea wahalifu, namjibu: ile familia iliyofiwa ilipata nini katika kosa hili?

Najua jibu jengine. "Mwalimu, hayo ya zamani, sasa kuna kompyuta." Vizuri. Machi 2004 mabomu yaliripuka kwenye treni za Madrid, wakafa watu zaidi ya 190. Alama iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki wenye viripuzi ilipelekwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ikatoa orodha ya watu 20 wenye alama zinazofanana nayo. Mmoja alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, Muislamu. Mtaalamu akasema ni yeye. Wawili wakahakiki, ni yeye. Mtaalamu aliyeteuliwa kwa ajili ya upande wake mwenyewe naye akasema ni yeye! Polisi wa Hispania walikwisha kuwaambia Aprili kwamba hazilingani, hawakusikilizwa. Mayfield akawekwa ndani wiki mbili, mpaka Wahispania walipompata mwenye alama, raia wa Algeria. Serikali ya Marekani iliomba radhi ikalipa dola milioni 2. Kompyuta haikukosea, ilifanya kazi yake, ya kutafuta wanaofanana. Na kadiri rejista inavyokuwa kubwa, ndivyo anavyopatikana mtu asiyehusika ambaye kidole chake kinakaribia sana. Tunaojivunia kusajili vidole vya kila mtu tulifikirie hilo.

Mwaka 2006 mtafiti wa saikolojia, Itiel Dror, na wenzake waliwapa wataalamu watano alama ambazo kila mmoja wao alishawahi kusema zinalingana. Safari hii wakaambiwa hizi ndizo zile za Mayfield, zilizokosewa. Wanne kati ya watano wakageuza jibu lao. Alama zilezile, macho yaleyale. Kilichobadilika ni walichoambiwa kabla ya kuangalia.

"Lakini sisi Pemba tu wachache, wa pili tutamtoa wapi?" Picha ya alama inavuka bahari kwa sekunde. Itumwe Unguja, itumwe Dar es Salaam, kwa namba tu: bila jina la mtuhumiwa, bila kusema amekiri, bila jibu la mwanzo. Kielelezo chenyewe kibaki kimefungwa lakiri hapa. Uchache wenu unawasaidia: anayehakiki hakai nanyi chumba kimoja, hanywi chai nanyi.

Mengine nayapitisha haraka. Jaribio la kupima umahiri wa wataalamu lisitangazwe; lichanganywe na mafaili ya kawaida, kama wanavyofanya Houston, Marekani. Neno "asilimia mia" litoke kwenye ripoti, maana ripoti ya Campbell yenyewe imesema huu ni ushahidi wa maoni. England na Wales ziliacha mwaka 2001 sharti la kupata pointi 16 zinazolingana kati ya alama mbili, kwa hiyo hesabu ya pointi isiwe kinga ya mtu kizimbani. Wapasua kokoto na mafundi wa saruji, vidole vyao vimelika, mistari haisomeki vizuri. Kwa hiyo "Haitoshi kulinganisha" lihesabiwe kuwa jibu kamili, na ofisa asigombezwe kwa kulitoa. Na msimamizi wa kitengo cha alama za vidole asiwe yuleyule anayedaiwa kesi zifungwe. Scotland huduma hii haipo chini ya mkuu wa polisi.

Mwenyekiti ananionesha saa, adhuhuri imeingia. Sehemu ya utunzaji wa vielelezo naiacha.

Mawakili, swali lenu kwa shahidi ni hili: aliyehakiki, kabla hajaangalia, alikwisha kujua jibu la mwenzake? Hakikisheni linaandikwa kwenye mwenendo wa kesi, na jibu lake pia. Maofisa, kwenye meza ya mlangoni nimeweka fomu mbili zilizotenganishwa, moja ya mtaalamu wa kwanza na moja ya mhakiki, kila moja na bahasha yake. Chukueni nakala, mzijaribu kwenye mafaili ya mwezi huu, kisha mniletee mlichokikuta.