Neno "let": kuzuia na kuruhusu katika mavazi yaleyale

Wafasiri wenzangu,

Fungueni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, 2:7. Mtakuta "he who now letteth will let". Mwenye Kiingereza cha leo tu ataandika "aruhusuye ataruhusu", na aya nzima itapinduka. Biblia yetu ya Muungano inasema "yuko azuiaye sasa", na ndiyo maana yenyewe.

Hapa pana maneno mawili. Kiingereza cha kale kilikuwa na lettan, yaani kuchelewesha au kuzuia, ndugu wa late. Na lætan, yaani kuacha au kuruhusu. Matamshi yakasogeleana hadi yakawa kitu kimoja. La kuruhusu likatawala. La kuzuia likajificha kwenye sheria, maandiko ya zamani na michezo.

Utayatenganishaje? Tazama kinachofuata. La kuruhusu hudai kitenzi kingine: let him go. La kuzuia hutosheka na mtendwa. Hamlet, katika tamthilia ya Shakespeare, anaposhikwa na wenzake asiufuate mzimu, anaapa kumgeuza kuwa mzimu mtu yeyote "that lets me". Baada ya me hakuna kitenzi, basi ni anayemzuia. Ila msiitegemee kanuni hii kwa upofu: let a house nayo haina kitenzi cha pili, lakini ni kupangisha nyumba, na let blood ni kumtoa mtu damu, kama wafanyavyo waumikaji. Yote mawili yametoka kwenye kuachia. Kwa hiyo kagua na mtendwa ni nani au ni nini.

Kwenye sheria ndiko tunakoumia zaidi. Pasipoti ya Uingereza inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance". Tafsiri ya "bila ruhusa wala kizuizi" ni kichekesho, tena sentensi hiyohiyo imekwisha kutumia allow kwa kuruhusu. Wanasheria wa Kiingereza wana mazoea ya kupanga visawe viwiliviwili; Kiswahili hakilazimiki kuwafuata. "Bila kizuizi chochote" inatosha.

Kisha tenisi. Wengi hudhani mwamuzi anasema net, kwa kuwa mpira umegusa wavu. Anasema let: kuna kilichozuia. Mpira wa kuanzisha ukigusa wavu ukaangukia ndani ya eneo lake, hurudiwa bila kuhesabiwa kosa. Ukiangukia nje, ni kosa. Mtangazaji asichanganye jambo moja. Mwanzishaji ana majaribio mawili ya kuanzisha; let ya wavu kwenye jaribio la pili hurudisha jaribio hilo la pili tu. Lakini mpira wa uwanja jirani ukijiviringisha ndani katikati ya mchezo na mwamuzi akaita let, pointi nzima huanza upya, na mwanzishaji hupewa tena majaribio yote mawili.