Ada za Mizigo ya Ndege: Zipunguze Kabla Hujakata Tiketi

Karibu mtazamaji. Leo tunashughulikia ada za mizigo, zile zinazoigeuza tiketi ya bei nafuu kuwa ghali ukifika kaunta. Kabla hatujaanza, leta begi unalotaka kusafiri nalo pamoja na tepu ya kupimia. Tutaliangalia pamoja.

Tuanze na chanzo chake. Zamani nauli ilijumuisha kiti na begi kwa pamoja. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopaa, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza kwenye safari za ndani ya Marekani, na mashirika mengine yakafuata. Hata Southwest, iliyojulikana kwa kubeba mabegi mawili bila malipo, iliacha utaratibu huo Mei 2025. Ndiyo maana nauli unayoiona mwanzo kwenye skrini mara nyingi ni ya kiti peke yake.

Sasa hatua ya kwanza. Usilipe bado. Fungua maelezo ya nauli uone aina zake, kwa sababu ndege ileile huuzwa kwa bei mbili tatu, na ile ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakiwa, yaani lile unalokabidhi kaunta. Kwa baadhi ya mashirika haina hata begi la mkononi la kuweka kwenye kabati la juu ya kiti. Chukua karatasi, andika nauli, ongeza ada ya begi ya kwenda, kisha ongeza ya kurudi. Hiyo ya kurudi husahaulika sana! Ukishajumlisha, linganisha na nauli ya ngazi inayofuata, ambayo begi limo ndani yake. Mara nyingi tofauti inakwisha, na pengine ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu.

Hatua ya pili ndiyo ninayotaka uielewe vizuri kuliko zote: kusoma kiwango chako cha mizigo. Tazama hapa kwenye skrini, nimekuza kipande cha tiketi. Unaona sehemu ya mizigo imeandikwa 1PC? Maana yake unaruhusiwa begi moja. Ikiwa 2PC, ni mabegi mawili. Ikiwa 30K, umepewa kilo 30. Ukikuta 0PC, huna begi la bure la kupakia, hata kama safari iliyopita ulikuwa nalo.

Tofauti ya PC na K ni pesa. Kwa PC, shirika linahesabu mabegi, na kila begi lina ukomo wake, kwa kawaida kilo 23 kwenye daraja la uchumi. Begi moja likiwa na kilo 26 na lingine 18, utatozwa kwa lile la 26, ingawa jumla yake haifiki 46. Kwa hiyo kazi yako ni kusawazisha. Kwa K, kinachohesabiwa ni uzito wa jumla, na mashirika mengi yanakuruhusu kuugawa kwenye mabegi zaidi ya moja. Lakini begi moja lisizidi kilo 32 kwa vyovyote. Kuna binadamu wanaoyainua mabegi hayo kutwa nzima, na ukomo huo unalinda migongo yao. Naona ni haki kabisa.

Kama mnasafiri familia kwa tiketi za pamoja, uliza kama mnaweza kuunganisha kilo zenu. Mkiwa na mtoto mchanga, angalia pia kigari chake. Mashirika mengi hukibeba bure.

Hatua ya tatu, pima. Weka tepu kuanzia sakafuni, chini ya magurudumu, hadi juu ya mpini ulioshushwa. Magurudumu na mifuko ya nje vyote vinahesabiwa. Begi la kupakiwa, ukijumlisha urefu, upana na kina, kwa kawaida lisizidi sentimita 158. La mkononi ukubwa wake hutofautiana kati ya shirika na shirika, kwa hiyo soma la kwako. Halafu pima begi likiwa tupu, maana sanduku gumu linaweza kula kilo nne kabla hujatia hata soksi. Huna mizani ya kuning'iniza? Panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umelibeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Acha kilo moja ya akiba, kwa sababu mizani ya kaunta haitalingana na yako. Na ile mifuko ya kunyonya hewa hupunguza ukubwa tu, uzito uko palepale.

Hatua ya nne ni fupi: lipia mapema. Begi lililolipiwa mtandaoni wakati wa kukata tiketi kwa kawaida ndilo rahisi. Kaunta bei inapanda, na getini ndiko pabaya zaidi.

Unaunganisha ndege? Angalia kama safari yote iko kwenye tiketi moja. Ikiwa moja, kwa kawaida kanuni moja ya mizigo inatumika njia nzima. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, kila shirika linatoza kivyake, na huenda ukalazimika kuchukua begi katikati ya safari na kulikabidhi upya. Nauli ya kuunga-unga ihesabie ada hizo mbili.

Siku ya safari, vaa viatu vizito na koti. Pawabenki iwe mkononi, kwa sababu betri za aina hiyo haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Wakikuchukulia begi la mkononi getini, itoe kwanza.

Mwisho, tunza risiti ya ada. Begi likichelewa, toa taarifa kwenye dawati la mizigo kabla hujatoka uwanjani. Marekani, kwa kanuni za mwaka 2024, begi la safari ya ndani lisipofika ndani ya saa 12 baada ya ndege kufika langoni, shirika linapaswa kukurudishia ada uliyolipa. Bila taarifa ile ya dawatini, madai hayo hayaendi popote.