Mtoto Akinyamaza, Muulizeni

Assalaam alaikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi ukutani. Ahsanteni kwa kuacha baraza zenu jioni hii. Najua habari ya mtoto asiyetarajiwa kupona hakuna apendaye kuizungumza, hasa hapa Lamu ambapo kila mtoto ni wa mtaa mzima.

Wengi wakisikia tiba shufaa hudhani ni ya aliyekwisha kukatiwa tamaa. Sivyo. Huanza siku ugonjwa unapojulikana, ikaenda bega kwa bega na matibabu mengine, ikishughulikia maumivu, pumzi, hofu, hata usingizi wa mama. Mwenye saratani, mwenye selimundu, aliyezaliwa na moyo mbovu, wote inawahusu, na baadhi yao hukua wakawa watu wazima.

Lakini nililokuja kulisema ni kunyamaza.

Nilimuuguza mvulana wa miaka 8, aliyeletwa kwa mashua kutoka upande wa Pate, ana saratani ya mfupa wa paja. Halii, hasemi, uso kaugeuzia ukutani. Bibi yake akamsifu: "Mjukuu wangu mstahimilivu, katulia." Nami, naungama mbele yenu, niliandika kwenye faili kwamba ametulia. Hakuwa ametulia. Alikwisha jua kwamba akijitikisa huumia, na kulia ni kujitikisa. Tulimwanzishia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Siku ya tatu akageuka, akaniuliza: "Kidau changu ki wapi?" Nyinyi mnajua: mtoto wa kisiwani asiyetaka kushua kidau chake maji yakijaa, huyo anaumwa, hata kama hatoi sauti.

Jina la mofini linatisha. Mji wetu umeumizwa na unga, kwa hiyo mama akiniuliza, "Mwanangu si atakuwa teja?" simlaumu. Ninamjibu: mofini ya kunywa, ikipimwa kwa uzito wa mtoto na kufuatiliwa na mhudumu, haimfanyi teja wala haimharakishii kifo. Mwili huizoea, ndiyo. Kwa hiyo haikatishwi ghafla. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliweka ngazi 2 tu za dawa za maumivu kwa watoto: parasetamoli au ibuprofeni, kisha mofini. Kodeini iliyokuwa katikati ikaondolewa, maana miili ya watoto huigeuza kila mmoja kivyake: huyu haimfai kitu, yule inamzidi.

Mofini hupewa kwa saa, kila baada ya saa 4. Tusingoje kilio. Mkingoja, maumivu yamekwisha tangulia, na kuyarudisha chini ni kazi. Na dawa ya kulainisha choo iandamane nayo tangu mwanzo.

Akiuliza, "Nitakufa?" msimkemee. Muulizeni amesikia nini, anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa kuachwa peke yake usiku, na hilo dawa yake mnayo nyumbani.

Yule mvulana alifariki nyumbani kwao, baada ya wiki kadhaa. Mjomba wake alimbeba mara mbili hadi ufukweni, akakishua kidau mwenyewe kwa mkono wake.

Nimekuja na chupa ya maji na bomba la kupimia dawa lisilo na sindano. Mama uliye mbele, njoo ushike. Vuta taratibu, tuangalie mstari.