Pamba Ndani ya Kopo

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Juma, kabla hatujamfikia profesa wetu wa leo, naomba nianze na kopo.

JUMA: Kopo la nini, dada?

MWANAIDI: La dawa. Lile jeupe la plastiki, vidonge thelathini. Miaka ile nilipokuwa mshauri nasaha kituoni, kuna mama mmoja alikuwa akishapewa dawa zake za VVU hatoki mlangoni. Anachana pamba, anaisokota, anaishindilia mdomoni mwa kopo. Kisha analitikisa karibu na sikio. Likinyamaza, ndipo anaaga. Siku moja nikamuuliza. Akaniambia, dada, kwenye daladala kila mtu anaijua sauti hii.

JUMA: Ni kweli kabisa. Nimewahi kuisikia mkobani mwa mtu, chaka-chaka, na abiria wakaangaliana.

MWANAIDI: Basi nikisoma kazi ya Profesa Quarraisha Abdool Karim, yule mama ananijia kila mara.

JUMA: Tumweleze kidogo kwa wasiomfahamu.

MWANAIDI: Ni mtafiti wa Afrika Kusini, amezaliwa Tongaat, kaskazini ya Durban. Fani yake ni epidemiolojia, yaani kufuatilia ugonjwa unavyotembea kati ya watu. Yeye na mumewe Salim ni miongoni mwa walioanzisha kituo cha utafiti cha CAPRISA, Durban, mwaka 2002. Lakini kazi iliyompa mwelekeo ni ya nyuma zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipima watu katika jamii, wakakuta wasichana wanaambukizwa mapema, wangali vigori, na wavulana wa rika lao bado hawana virusi.

JUMA: Sasa kama wavulana wa rika lao hawana, wasichana wanavipata wapi?

MWANAIDI: Ndilo swali. Jibu lenye ushahidi wa vinasaba lilitoka mwaka 2017, yeye akiwa mmoja wa watafiti. Walilinganisha virusi vya watu wa eneo moja la KwaZulu-Natal, wakaona msichana wa chini ya miaka 25 kwa kawaida alipewa na mwanamume aliyemzidi miaka minane au tisa hivi. Yule mwanamume naye alivipata kwa mwanamke wa rika lake. Msichana akikua akafika thelathini, anakuwa na mwenza wa rika lake, anampa, na huyo anakwenda kwa msichana mwingine.

JUMA: Gurudumu.

MWANAIDI: Linazunguka hivyo. Na tunachomwambia binti ni nini? Subiri, uwe mwaminifu, tumia kondomu. Kondomu inavaliwa na nani?

JUMA: Na mwanamume.

MWANAIDI: Aliyemzidi miaka minane, anayemlipia na ada ya shule. Ataanzia wapi kumlazimisha? Kwa hiyo Profesa akatafuta kinga ambayo mwanamke anaishika mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Hapo ndipo ilipotoka jeli.

JUMA: Jeli yenye tenofoviri. Nilishangaa kujua ni dawa ileile iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha wanaoishi na VVU hapa kwetu.

MWANAIDI: Ndiyo hiyohiyo. Kirusi kikiingia kwenye chembe ya damu, lazima kinakili vinasaba vyake kwanza. Tenofoviri inajipenyeza kwenye nakala na kuikatisha. Kwa mwenye virusi, inavifubaza. Kwa asiye navyo, kama dawa imetangulia, kirusi kinakuta mlango umefungwa. Utafiti wao, CAPRISA 004, ulianza mwaka 2007 na wanawake 889, wengine wa Durban mjini, wengine wa Vulindlela huko mashambani. Unapaka ndani ya saa 12 kabla ya tendo, na tena ndani ya saa 12 baada ya tendo. Nusu walipewa jeli yenye dawa, nusu jeli tupu, na hakuna aliyejua ana ipi. Kila mwezi wanarudisha vile vibomba vitupu vinahesabiwa.

JUMA: Matokeo yakasomwa kwenye mkutano wa UKIMWI wa Vienna, Julai 2010.

MWANAIDI: Kwenye jeli tupu waliambukizwa 60. Kwenye jeli ya dawa, 38. Ukihesabu na muda waliofuatiliwa, pungufu kwa asilimia 39. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Mtu leo anaweza kuiona 39 ni ndogo, lakini miaka yote ya nyuma jeli moja baada ya nyingine zilijaribiwa zikashindwa. Ilikuwa mara ya kwanza dawa ya kufubaza virusi, mkononi mwa mwanamke, kumkinga.

JUMA: Halafu mambo yakageuka.

MWANAIDI: Hapa naomba tukae, Juma, kwa sababu wengi hupapita haraka. Ukafanyika utafiti mkubwa zaidi, VOICE, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wengine jeli, wengine vidonge vya kila siku vyenye dawa hiyohiyo. Matokeo ya mwaka 2013: hakuna kilichokinga. Mwaka 2015 ukaja FACTS, wanawake zaidi ya 2,000, jeli ileile ya Profesa. Nao haukuonyesha kinga.

JUMA: Dawa ilikuwa haifanyi kazi?

MWANAIDI: Ingekuwa hivyo, watu wangefunga mafaili. Lakini walikuwa wamehifadhi damu. Wanawake wa VOICE waliulizwa, wakasema tunatumia, na hesabu ya dawa zilizorudishwa ikakubaliana nao, zaidi ya asilimia 85. Damu ilipopimwa, dawa ilikutwa kwa chini ya thuluthi moja.

JUMA: Lo. Kwa hiyo walidanganya.

MWANAIDI: Mdogo wangu, hilo neno lirudishe. Nimekaa upande ule wa meza. Binti anakuja, umemwandalia kiti, umempa nauli, unamuuliza kwa upole, umekunywa dawa? Akuvunje moyo? Watafiti walirudi wakakaa na wale wanawake, wakawasikiliza. Kidonge hiki kinajulikana ni cha wagonjwa. Mume akikikuta atasema unao. Mama mkwe akikikuta, vivyo hivyo. Hawakusahau dawa. Wanaishi na watu.

JUMA: Samahani, nimeliondoa. Ila kuna jambo linanitatiza. Kidonge hichohicho, Kenya na Uganda, kilifanya vizuri sana. Ule utafiti wa Partners PrEP, matokeo ya mwaka 2011, maambukizi yalipungua kwa asilimia 75.

MWANAIDI: Walikuwa akina nani wale?

JUMA: Wenza. Mmoja ana virusi, mwingine hana.

MWANAIDI: Na wote wawili wanajua. Kopo linakaa mezani, mmoja anamkumbusha mwenzake. Hakuna pamba.

JUMA: Sasa nimekuelewa tangu mwanzo ulipokuwa unaelekea.

MWANAIDI: Dawa ni moja, nyumba ndizo tofauti. Ndiyo maana naupenda utafiti ulioshindwa kuliko hata ule wa makofi. Ulilazimisha swali ligeuke, watu wakaanza kutafuta kinga isiyoonekana, isiyolia, isiyohitaji kufichwa chini ya godoro.

JUMA: Ndiyo sindano ya lenakapaviri. Hii mimi nimeifuatilia, acha niisimulie. Yenyewe hailengi kule kunakili. Kirusi kinabeba vinasaba vyake ndani ya ganda, na ganda lile lazima liwe imara njiani, lifunguke panapotakiwa. Dawa inaling'ang'ania, halifanyi kazi yake wakati wa kuingia wala wakati wa kuunda virusi vipya. Unachomwa sindano mbili chini ya ngozi ya tumbo, mara moja kila miezi sita, na siku mbili za mwanzo unameza vidonge pia.

MWANAIDI: Pale pa sindano panaweza kubaki kinundu kidogo, unakisikia kwa kidole. Dawa imekaa pale inajimwaga polepole.

JUMA: Aliyeongoza utafiti ni Profesa Linda-Gail Bekker wa Cape Town, na Uganda alikuwepo Dkt. Flavia Matovu Kiweewa. Wanawake zaidi ya 5,000, wa miaka 16 hadi 25, Afrika Kusini na Uganda. Mwaka 2024: kati ya 2,134 waliochomwa sindano, aliyeambukizwa hakuna. Sifuri. Kwenye makundi mawili yaliyopewa vidonge vya kinga vya kila siku badala ya sindano, 55.

MWANAIDI: Na walipopima damu za wale wa vidonge?

JUMA: Wengi hawakuwa wakivimeza.

MWANAIDI: Yaleyale ya VOICE. Safari hii yalikuwa yanatarajiwa. Mwaka uleule Profesa Quarraisha na Salim wakapewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba. Na Julai 2025, wakiwa Kigali, Shirika la Afya Duniani wakaipendekeza sindano hii rasmi.

JUMA: Kuna msikilizaji ameuliza kama hii ni chanjo.

MWANAIDI: Si chanjo. Haiufundishi mwili kupigana, ni dawa, ikiisha imeisha. Lazima upimwe kwanza, na miezi sita ikifika urudi. Ukiambukizwa huku dawa kidogo imebaki mwilini, kirusi kinaweza kujifunza kuikwepa. Tena haizuii mimba wala kaswende.

JUMA: Na yule mama wa pamba?

MWANAIDI: Nilionana naye sokoni juzijuzi. Yeye ana virusi, dawa zake anameza, vimefubaa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mtu. Sindano hii ya kinga si yake. Ila ana binti wa miaka 19, akaniuliza bei. Nikamweleza, Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, lakini viwanda vinavyotengeneza nakala vimetangaza dola 40 kwa mwaka kwa nchi kama zetu, kuanzia 2027. Akahesabu kwenye vidole. "Atakuwa na ishirini," akasema. Akachukua mchicha wake, akanishika mkono. "Basi we nipigie simu hiyo dawa ikifika. Usiniandikie ujumbe, nipigie."